Mguu wa Mama na Sufuria ya Jirani

Kuna siri za ndoa ya wazazi ambazo mtoto hapaswi kuzijua. Mimi nilizijua ndani ya wiki chache tu, na aliyenifungulia mlango ni mfupa.

Mfupa wenyewe ni ule wa mbele ya mguu, chini ya goti, ule ambao ukiugonga kwenye kiti gizani machozi yanakutoka hata kama wewe ni mwanaume wa shoka. Sisi wa mjini tunauita ugoko. Mama yangu, mwalimu wa watu, anauita muundi na atakusahihisha ukikosea. Wa kwake ulivunjika Julai 2023. Akautembelea wiki tano nzima, na sisi watoto wake watatu kila tukipiga simu tunaambiwa, "Mzima, alhamdulillahi, ninyi je?" Na ndani ya mguu huohuo, juu kidogo ya palipovunjika, kulikuwa na goti la chuma alilowekewa mwaka 2019.

Usiwahi kusema ni ushamba, mwenzangu. Subiri nikueleze.

Mama amemalizia miaka yake ya chaki delta ya Rufiji, na alipostaafu hakutaka kuhama. Yeye na baba wanaishi Salale, wilaya ya Kibiti, kule ambako mto Rufiji unagawanyika vijito vingi kabla ya kuingia Bahari ya Hindi. Kama hujafika, ni mikoko kulia na kushoto. Maji yakijaa mashua inakufikisha karibu na uani kwako. Yakipwa unabaki unatazamana na tope. Watu wanalima mpunga, wanavua kamba, wanatafuta kaa. Wajerumani nao walipajua: manowari yao, Königsberg, ilijificha kwenye mikondo hiyo mwaka 1914 na ikaishia humohumo Julai 1915. Mama alikuwa anawasimulia wanafunzi wake habari hiyo kila mwaka, na mbele kidogo utaona aliitumia wapi.

Goti lake la kulia lilisagika taratibu, kama yanavyosagika magoti ya wanawake wengi waliobeba ndoo, kuni na watoto. Mwaka 2019 likafikia pa kushindwa kupanda ngazi mbili. Bima ya mstaafu ikabeba sehemu, sisi watoto tukachanga iliyobaki, akafanyiwa upasuaji Dar es Salaam. Upasuaji ulikwenda vizuri sana. Tatizo lilikuwa baada ya hapo.

Alikaa kwangu Mbagala miezi mitano. Baba akabaki Salale peke yake, mwanaume ambaye hajui hata chumvi inakaa wapi. Basi akajitokeza jirani, mama mjane, akawa anampelekea wali na mchuzi. Si dhambi, kwetu jirani ni ndugu. Lakini unajua tena simu za mkononi. Mwezi wa pili tu shoga yake mmoja akampigia: "Mwalimu, pona haraka. Mzee wako ana sufuria inayoingia na kutoka."

Mama hakusema neno. Alimaliza mazoezi yake, akarudi kwake, akaendelea na maisha. Miaka minne ikapita. Sisi hatukujua lolote.

TOPE LILISHIKA MGUU, MWILI UKAGEUKA

Siku ya ajali alikuwa anatoka Nyamisati na mashua. Maji yalikuwa yamepwa, chombo hakikuweza kusogea ukingoni, abiria wakashuka na kutembea kwenye tope kama siku zote. Mguu wake wa kulia ulizama. Nyuma yake kuna mtu alimwita, akageuka. Mwili ukageuka, mguu ukabaki umeshikwa. Anasema alisikia "tak", kama kijiti kinapovunjwa kwa ajili ya moto.

Baadaye daktari alinieleza kwa nini pale ndipo palipovunjika, na nilivyoelewa ni hivi. Goti bandia lina kipande cha juu kinachovishwa kwenye mfupa wa paja na kipande cha chini kinachokaa juu ya ugoko kama sahani. Katikati kuna plastiki ngumu inayoteleza. Ile sahani ya chini ina mkia, yaani kijiti cha chuma kinachoshuka ndani ya mfupa, na kwa kawaida vyote hugandishwa kwa saruji maalumu ya mifupa. Sasa sehemu yenye chuma haipindi. Sehemu isiyo na chuma, ya mama mwenye miaka 67 aliyekoma hedhi zamani, imekonda ndani kama mkate uliokaa. Mguu ukisokotwa, nguvu zote zinakwenda kukusanyika pale chuma kinapoishia. Ndipo panapoachia.

Ajali ya namna hii si ya kawaida. Wenye magoti bandia wakivunjika, mara nyingi ni mfupa wa paja, juu ya goti. Ugoko ni mara chache zaidi, ndiyo maana hata mhudumu wa afya anaweza kupitwa. Na mama alipitwa. Alipelekwa kituo kimoja, sikitaji, akapigwa eksirei ya goti. Picha ikaonyesha goti limekaa vizuri. Ni kweli, lilikuwa limekaa vizuri! Ila picha iliishia pale mkia wa chuma unapoishia, na ufa ulikuwa chini yake. Akapewa dawa za maumivu, akaambiwa ameteguka.

Kama una mzazi mwenye goti bandia akaanguka, omba picha ya mguu mzima, kuanzia juu ya goti hadi kwenye kifundo. Omba kwa adabu, lakini omba.

Mama alikubali haraka kwamba ameteguka. Haraka mno, baba anasema. Akachukua fimbo, akaendelea kupika. Maumivu yakija anakaa kwenye kigoda na kujifanya anachambua mchele. Yaani mchele wa nyumba ile, wiki tano zile, haujapata kuwa msafi vile.

Aliyemkamata ni fundi wa mifupa wa kijijini. Najua wasomaji wetu mna maoni tofauti kuhusu mafundi hawa, nami nimeshaona watu walioharibiwa kwa kukandwa na kufungwa vijiti vikabana mpaka kidole kikawa cheusi. Lakini huyu mzee nitamsifu mpaka naingia kaburini. Baba alimwita aje amkande mama. Akaweka mkono, akapapasa kuanzia gotini kushuka, akafika mahali akasimama. Akauondoa mkono.

"Mwalimu, hapa pamekatika. Na juu yake mna kitu ndani sikijui. Mimi sigusi. Nenda Dar."

Akafunga vijiti viwili pande mbili za mguu, vikapita goti kwa juu na kifundo kwa chini, akaweka nguo laini katikati, akaacha vidole wazi ili vionekane vina rangi na joto. Daktari wa Dar alipoviona akauliza nani kafunga. Hakukuwa na cha kusahihisha.

Simu ya baba niliipata saa moja usiku. "Njoo umchukue mama yako. Mguu umepinda."

"NIKIENDA MJINI, SIRUDI"

Niliwakuta Nyamisati asubuhi, wamekuja na maji ya alfajiri, mama amelazwa kwenye mashua juu ya godoro. Badala ya shikamoo yangu kuitikiwa, nikapokelewa na: "Nani kakuita?" Njia nzima, kutoka pale hadi Bungu na kuunga barabara ya Kilwa, hakuniongelesha. Tulipofika Mkuranga ndipo akafungua mdomo.

"Wewe mtoto, nikienda mjini safari hii, sirudi."

Nikadhani anaogopa kufa. Nikamwambia mama, siku hizi madaktari wapo, dawa zipo. Akaniangalia kama anavyomwangalia mwanafunzi aliyejibu swali la hesabu kwa jina la mto.

"Nani kakwambia nazungumzia kufa?"

Hapo ndipo nikaambiwa habari ya sufuria. Mama yangu, mwanamke niliyemwogopa kuliko Mwalimu Mkuu, alitembea kwenye mfupa uliovunjika wiki tano kwa sababu aliona bora mguu ukatike kuliko kumwachia mwenzake jiko miezi mitano mingine. Kwetu pwani mume kuoa mke wa pili si habari ya gazetini. Ni jambo linaloanza na bakuli.

Niseme ukweli, nilikasirika. Nikamkasirikia baba, nikamkasirikia yule jirani, na zaidi nikamkasirikia mama. Usiku ule tukafanya kikao cha simu na wadogo zangu, nikatoa hukumu: mama anabaki Dar moja kwa moja, delta hairudi tena. Wote wakakubali. Mume wangu, ambaye nyumba yetu ina vyumba viwili, akanyamaza, na nyinyi mlioolewa mnaujua huo unyamavu.

Hakuna aliyemuuliza mama.

SWALI MOJA LILILOAMUA KILA KITU

Mdogo wangu wa kiume kitu cha kwanza alichouliza ni: "Kwa hiyo tunanunua goti jingine?" Alikuwa ameshaanza kupiga hesabu ya kuuza pikipiki. Wengi wanadhani hivyo, kwamba mfupa wenye goti bandia ukivunjika basi goti limekufa. Daktari bingwa wa mifupa tuliyempata, dada mmoja mtulivu, alitutoa hofu kwa kusema kwamba kuna swali moja linalotangulia mengine yote: kile chuma bado kimeshika, au kimelegea?

Akatuuliza kama tunazo picha za zamani. Tukaangaliana. Baba, ambaye muda wote alikuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi kama mgeni, akafungua mfuko wake wa rambo. Ndani mlikuwa na bahasha ya kaki, na ndani ya bahasha picha zote za eksirei za mwaka 2019. Alikuwa amezihifadhi kwenye sanduku la bati pamoja na karatasi za shamba na cheti cha ndoa. Hakuna aliyemwambia azilete.

Yule daktari alizipandisha kwenye taa, za zamani na mpya, akazitazama muda mrefu. Anachotafuta ni kama ile sahani imehama au imeinama, na kama kuna mstari mweusi umejitokeza kati ya saruji na mfupa. Akauliza pia maswali ambayo mimi nisingefikiria: kabla ya kuanguka, goti lilikuwa linauma ukianza kutembea? Lilivimba? Uliwahi kupata homa isiyoeleweka? Kama goti lilikuwa linauma tangu kabla, huenda lilishalegea au lina wadudu ndani, na hapo mpango mzima unabadilika. Akachukua damu kupima dalili za maambukizi. Kukiwa na shaka, alisema, wanavuta na maji kidogo kutoka ndani ya goti wakayapime.

Majibu yakaja mazuri. Chuma kimeshika.

"Kwa hiyo mimi ni kama ile manowari ya Wajerumani," mama akasema. Ndiyo kwanza anatabasamu tangu Nyamisati. "Chuma kimezama topeni."

"Mwalimu, ile ilizama. Yako inaelea bado," daktari akajibu. Nikampenda papo hapo.

Kuna mpangilio ambao madaktari wa mifupa duniani wanautumia kwa ajali hizi. Uliandikwa mwaka 1997 na Felix na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, waliokusanya mivunjiko 102 ya namna hii, na nimeupenda kwa sababu hata mama alieweza kuufundisha wodini. Unaangalia kwanza mfupa umevunjika wapi: juu kabisa chini ya ile sahani, ubavuni mwa mkia wa chuma, chini ya mkia, au pale kwenye nundu ya mbele ambako mshipa wa pia ya goti unajishika. Halafu unauliza kama goti limeshika au limelegea. Mengine yametokea hukohuko thieta wakati goti linawekwa, hayo yana fungu lake.

Hilo la nundu nilieleze kidogo, maana linapotosha watu. Ikivunjika ile, mtu anaweza kuwa na mguu usiopinda kabisa, lakini akilala chali hawezi kuunyanyua ukiwa umenyooka. Watu wanasema kapooza. Hajapooza, kamba yake imekatika mahali ilipofungwa, na inabidi ifungwe upya kwa nyaya au skrubu, kisha mguu ukae umenyooshwa wiki kadhaa.

Kama goti lingekuwa limelegea, mdogo wangu angeuza kweli pikipiki. Hapo wanatoa kipande cha chini chote na kuweka kingine chenye mkia mrefu unaoshuka na kuvuka palipovunjika, kama fundi anavyounga nguzo kwa kupitisha nondo ndani. Ni upasuaji mkubwa na vifaa vyake ni ghali. Na kama limeshika na mfupa haujahama, huenda mtu asipasuliwe kabisa. Anafungwa hogo, hakanyagi, anapigwa picha kila baada ya muda kuhakikisha hausogei. Mama angeweza kuwa wa kundi hili, laiti angesema siku ya kwanza. Daktari alilisema hilo taratibu, akiangalia karatasi zake. Baada ya wiki tano za fimbo na jiko, mfupa ulikuwa umeshapinda. Hogo lisingeurudisha.

Mimi nikajifanya mjuaji. Mtaani kwetu vijana wa bodaboda wamejaa misumari miguuni, nikauliza kwa nini mama asiwekewe msumari. Pale Muhimbili, kwenye Taasisi ya Mifupa MOI iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, ugoko uliovunjika ni kazi ya kila siku, na msumari unaoitwa SIGN, wa shirika la Marekani alilolianzisha daktari Lewis Zirkle mwaka 1999, umewasimamisha watu wengi sana. Uzuri wake unaweza kuwekwa hata pasipo na mashine ya eksirei thieta. Lakini msumari wa ugoko unaingilia juu, karibu na goti, na kushuka ndani ya uwazi wa mfupa. Kwa mama mlango huo umefunikwa na sahani ya chuma, na ndani ya uwazi tayari kuna mkia. Hakuna pa kupita.

Kwa hiyo likatumika bamba. Ni chuma chembamba kirefu chenye matundu, kinalala ubavuni mwa mfupa. Skrubu zake zinajikaza kwenye bamba lenyewe, jambo linalosaidia mfupa dhaifu. Chini zinapita mfupa mzima. Juu, penye mkia, daktari anazipitisha kwa mshazari kandokando yake, au anaweka fupi zinazoshika upande mmoja tu. Na hawachani mguu mzima kama samaki. Ngozi ya mbele ya ugoko ni nyembamba, haina nyama chini yake, ikigoma kupona hapo ndipo wadudu wanapoingia na kufika gotini. Wanachana padogo juu na padogo chini, bamba linasukumwa chini ya ngozi.

Mama alichomwa sindano ya mgongo badala ya nusu kaputi. Anasema alisikia kila kitu, na kwamba mafundi wa thieta wana utani wa matusi kidogo. Hajakataa wala kukubali kuwa alicheka.

GODORO LA SEBULENI

Masharti ya kutoka wodini: asikanyage ule mguu kama wiki sita, baada ya hapo akanyage kidogokidogo kwa fremu kadiri picha zitakavyoonyesha, na hesabu ya kupona iwe miezi mitatu hadi sita. Lakini goti likunjwe mapema, kila siku, lisije likakakamaa. Dawa za kuzuia damu kuganda. Dawa za kuimarisha mfupa, maana huu mfupa ulivunjika kwa kugeuka tu, haukugongwa na gari. Maziwa, dagaa na mayai.

Mtu asiyekanyaga mguu mmoja, msomaji wangu, anahitaji kubebwa kwenda chooni, kuoshwa, kuvalishwa. Nikaomba likizo ya wiki mbili. Nikampangia msichana wa kazi zamu. Nikamwambia baba, "Wewe rudi Salale, tutakupigia."

Baba hakubishana. Akakunja kofia yake, akaketi. Jioni nikakuta amekunjua godoro sebuleni. Kesho yake asubuhi nikasikia maji yanamwagwa bafuni, nikakimbia nikidhani mama kaanguka. Mlango haukufungwa vizuri. Mama amekaa kwenye stuli ya plastiki, mguu umenyooshwa juu ya ndoo iliyogeuzwa na umefungwa mfuko wa nailoni usilowe, na baba amepiga magoti nyuma yake anamsugua mgongo. Miaka yangu 41 sijawahi kuwaona wakishikana hata mikono. Nikarudi nyuma kama mwizi.

Baba alijifunza vyote. Mtaalamu wa mazoezi alipokuja kumwonyesha mama jinsi ya kukunja goti, baba aliandika kwenye daftari: mara kumi, asubuhi, mchana, jioni. Alijifunza kupika uji. Uji wake ulikuwa na madonge, mama akaunywa wote.

Usiku mmoja, wiki ya tatu hivi, niliamka kunywa maji. Baba alikuwa ameshahamisha godoro lake chumbani kwa mama, sakafuni pembeni ya kitanda. Kuta za nyumba yetu ni nyembamba. Sikukusudia. Haya, nilikusudia kidogo.

"Mzee."

"Naam, Mwalimu." Ndivyo wanavyoitana.

"Yule mwanamke."

Kimya kirefu.

"Yupi?"

"Wa sufuria."

Nikasikia baba anajigeuza. "Alileta wali siku kumi na moja. Ya kumi na mbili nikamwambia basi."

"Kwa nini?"

"Aliniomba funguo ya kabati lako la kanga. Ati azianike, zisipate fukuto."

"Ukampa?"

"Ningempa, ungerudi ukavaa nini?"

Kimya tena. Mimi nimeshika glasi, sijui niondoke au niketi.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Miaka minne, Mwalimu. Hukuniuliza."

Mama hakujibu. Baada ya muda nikasikia, "Nipe maji." Nikasikia baba anaamka, anapapasa gizani. Nami nikarudi kulala na glasi yangu haijanyweka.

KURUDI NA MAJI YA BAMVUA

Kesho yake nilifuta hukumu yangu. Niliwapigia wadogo zangu nikawaambia mama anarudi kwake mguu ukikubali, na tunachochanga sasa si cha kumweka Dar bali cha kuiandaa nyumba. Mume wangu akapata tena sauti yake.

Baba alitangulia kwenda mwezi wa tatu wa ugonjwa, picha zilipoanza kuonyesha mfupa mpya unaziba kama ukungu mweupe kwenye ufa. Orodha ilikuwa ya daktari, kazi ikawa yake na vijana wa pale. Choo cha kuchuchumaa kikajengewa kiti. Kigoda cha jikoni kikafukuzwa, ikawekwa meza na kiti kirefu. Kiti kingine cha kuswalia. Na kutoka ukingoni hadi uani akatandika magogo ya minazi yaliyochongwa juu yakawa bapa, yenye kamba ya kushikia upande mmoja, ili mama asikanyage tope tena. Daktari alisema mguu ule unaweza kurudia maisha yake yote, ila usinaswe.

Kuna jambo sikulipenda na nilisema: umbali. Kliniki ya kila baada ya miezi ni Dar, na eksirei ya kulinganisha inatakiwa ile ile, mguu mzima, pande mbili. Tumekubaliana bahasha ya kaki inasafiri naye kila mara. Na kukiwa na joto gotini, kidonda kisichofunga au maumivu mapya, hasubiri Ijumaa ya simu.

Tulimrudisha Januari 2024. Tulichagua siku ya bamvua, maji yanapojaa sana, mashua ikapanda mpaka kwenye ncha ya magogo ya baba. Mama alikataa kubebwa. Akashusha fremu kwanza, kisha mguu mzima, kisha ule wa chuma, akasimama. Wanafunzi wake wa zamani, sasa wavuvi wenye ndevu, walikuwa wamejipanga ukingoni wanasema shikamoo mwalimu kama wako foleni ya asubuhi.

Uani kwake alikuta watu wamejaa. Na katikati ya watu, kanga mpya kabisa, sufuria mkononi imefunikwa kawa: jirani. Watu wote wakawa wameona jambo la muhimu sana kwenye kucha zao.

Mama akamtazama. Akakaa kwenye kiti chake kirefu, taratibu, mguu akaunyoosha mbele.

"Karibu, dada. Asante sana, weka hapo mezani," akasema. Kisha akaingiza mkono kifuani, akatoa ufunguo mdogo wa kabati, akaniita mimi. "Kaniletee kanga ya kubadilisha. Hii imelowa."

Baba alikuwa anaangalia mikoko.